Ubeti wa Tatu wa Wimbo wa Nabothi

Siku hizi Emiliana anaishi Kikuyu, mtaa wa Dodoma mjini, kwa binti yake Ritha, kwenye nyumba yenye vigae sakafuni na bomba la maji jikoni, na haijapita wiki bila kuvilalamikia vitu hivyo viwili. Vigae vinateleza. Bomba nalo, anasema, limewafanya wanawake wasijuane, maana mtu anafungua maji, anafunga maji, hajamwona jirani, hajasikia nani kajifungua wala nani kagombana na mumewe. Ritha, ambaye ni karani katika ofisi moja ya serikali, humwacha aseme mpaka amalize. Kisha humtolea kiti barazani, na mama mtu hukaa hapo na bakuli la zabibu akizila moja moja na kuzikosoa. Hizi zimechumwa mapema. Hizi zimemwagiwa maji mengi karibu na mavuno. Kwa zabibu huwezi kumdanganya, kwa sababu aliishi karibu miaka arobaini upande wa juu wa bwawa la Hombolo, na moyo wake haujawahi kuhama huko.

Alifika Hombolo akiwa na Ritha mgongoni, mke wa Filipo, mwanamume mpole ambaye hakuwahi kumaliza sentensi kama mtu mwingine alikuwa tayari kummalizia. Shamba lao lilipakana na la Mbwana. Huyu Mbwana alitoka kwa wafanyabiashara wa Dodoma mjini, Waislamu ambao mababu zao walikuja na misafara ya zamani wakabaki kuuza nguo na chumvi. Yeye akachoka kukaa nyuma ya meza ya duka, akapata shamba, akapanda mizabibu. Ndugu zake walisema amerogwa. Akamleta na mkewe, Sikudhani, msichana wa mjini aliyeshika jembe kama anayeogopa kuliumiza.

Mwaka huohuo wanaume wawili hao wakakubaliana mpaka, na wake zao wakapewa kazi ya kuupanda. Kule Dodoma mpaka unapandwa minyaa, ile miti ya kijani isiyo na majani, ambayo ukikata tawi na kulichomeka ardhini litashika hata kama mvua haijanyesha. Ng'ombe hawaili na moto hauimalizi. Ubaya wake ni utomvu, maziwa meupe yanayounguza. Emiliana alimwonya mwenzake asijifute uso. Sikudhani akajifuta uso. Akapiga kelele ambazo Filipo alizisikia ng'ambo ya korongo, akaanguka chini akishika jicho na kuita mama yake.

Emiliana hakufikiri. Alikuwa ananyonyesha. Akamlaza yule msichana mapajani, akalifungua jicho kwa vidole na kulikamulia maziwa yake mwenyewe, kama alivyomwona bibi yake akifanya, akakamua mpaka kanga ikalowa. Jioni jicho lilikuwa jekundu lakini lilikuwa linaona. Tangu siku hiyo Sikudhani alikuwa akiwaambia watu kwamba yeye na Ritha wamenyonya ziwa moja. Watu walicheka. Yeye hakuwa anatania hata kidogo.

Ukimwuliza Emiliana miaka gani ilikuwa mizuri, atakuambia ni ile iliyofuata, na usimkumbushe kwamba ilikuwa pia miaka ya njaa, atakununia. Anakumbuka Idi na Krismasi, sahani zikipita juu ya minyaa, maana hakuna aliyekuwa na subira ya kuzunguka hadi njiani. Anakumbuka kisima cha Mbwana ambacho yeye alichota bila kuomba. Anakumbuka msimu wa kupogolea, Sikudhani akiwa amekuwa hodari kuliko wote, akikata matawi ya mizabibu upande wake huku Emiliana akiimba upande wa pili.

Kuimba ndiko kulikomfanya ajulikane. Kigango chao kilikuwa na kwaya ya akina mama wapatao arobaini. Walipiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo inayobanwa kati ya mapaja, na walipoicheza mabega yalitetemeka mpaka wageni wakasahau kwamba wako kanisani. Emiliana ndiye aliyetunga na ndiye aliyeongoza. Alitunga akipalilia. Jumapili akisikia somo, Jumatatu alikuwa nalo shambani, na kufikia Ijumaa lilikuwa na ngoma.

Wimbo wake mkubwa ulikuwa wa Nabothi. Somo hilo lilipowafikia mara ya kwanza, kanisa zima liliinua masikio, kwa sababu lilikuwa linawahusu: mtu wa kawaida ana shamba la mizabibu la baba zake, mfalme Ahabu analitaka, mtu anakataa, na mwisho wake anapigwa mawe hadi kufa. Watu wa Hombolo walilisikia kama habari za kijiji cha jirani. Emiliana akaligawa katika beti nne. Ubeti wa kwanza ni Ahabu amelala kitandani amegeukia ukutani, mfalme mzima, amesusa chakula kwa ajili ya bustani ya mtu, na hapo Emiliana alivuta midomo na kununa mpaka watoto wakajigaragaza kwa kicheko. Wa pili ni Yezebeli, mkewe, anayeandika barua kwa muhuri wa mfalme. Wa tatu ni wale mashahidi wawili wa uongo waliokuja kuketi mbele ya Nabothi. Wa nne ni nabii, anayemkuta Ahabu ndani ya shamba la marehemu na kumuuliza kama ameua na kurithi pia.

Kulikuwa na desturi, na haiko kigango hicho tu. Mgeni rasmi akija, kwaya humtaja jina ndani ya wimbo. Mgeni akitajwa hutabasamu, na akitabasamu hutoa mchango. Katika wimbo wa Nabothi jina la mgeni liliingia kwenye ubeti wa nne, mahali pa nabii. Leo nabii amefika, anaitwa fulani! Kwaya hujibu kwa kurudia neno la mwisho la kiongozi, lolote lile, na ngoma hushika kasi. Kwa namna hiyo kila mheshimiwa aliyepita Hombolo kwa miaka thelathini aliondoka amekuwa nabii, wakiwamo ambao hata kuku wako usingewaachia.

Basi maisha yakaenda. Filipo akaugua, ugonjwa wa muda mrefu, na ili atibiwe wakauza lile shamba la mpakani. Aliyenunua ni Castory, mtoto wa palepale aliyekwenda mjini na kuwa mkandarasi wa majengo. Siku ya kuuziana, Filipo alimtembeza Castory kando ya minyaa kutoka kwenye mwamba mweupe hadi kwenye mti wa mkole, Emiliana akiwa nyuma yao na kidumu cha maji ya kunywa. Karatasi waliyoandikiana ilisema tu kwamba shamba linapakana na Mbwana. Nani angepima, na mpaka umesimama pale tangu Ritha ananyonya? Filipo akafa mwaka uliofuata. Mbwana naye akafuata baada ya miaka mitatu, na binti yao Shamila alikuwa ameshaolewa mjini. Sikudhani akabaki na mizabibu yake.

Halafu serikali ikahamia Dodoma kwa kishindo, na ardhi ambayo mtu alikuwa anaitoa kwa mbuzi ikaanza kutafutwa na watu wenye magari. Asubuhi moja trekta la Castory likang'oa minyaa yote. Likaendelea kung'oa, likaingia kwenye mizabibu ya Sikudhani, safu baada ya safu, likakipita kisima na kusimama kwenye korongo. Castory alisema alichonunua kwa marehemu Filipo kiliishia kwenye korongo, na kwamba Mbwana alikuwa amelima kwa hisani tu. Sikudhani alisimama mbele ya trekta. Walinzi wawili wa Castory wakamwondoa, na walivyomwondoa mkono wake ukavunjika juu ya kifundo. Haukuunga sawasawa mpaka alipokufa.

Sasa huyu Castory, ili tuseme kweli, hakuwa na pembe. Aliwaamkia wazee shikamoo kwa mikono miwili. Alicheka kwa sauti hata wewe ukajikuta unacheka. Alikuwa ameahidi kuezeka kigango upya, na tayari alikuwa ameinunulia kwaya sare za kitenge cha zambarau. Zaidi ya yote aliahidi kuleta watu wa kamera kutoka mjini waje kurekodi nyimbo, picha na sauti, ziende kwenye simu za watu Tanzania nzima.

Hilo la kurekodi ndilo lililomshika Emiliana. Sare angeweza kuzivua, na bati si lake. Lakini alikuwa na zaidi ya miaka sitini, meno ya mbele yameanza kulegea, na sauti aliyoitegemea ilikuwa inamkatikia juu. Alikuwa amewazika waimbaji wazuri kuliko yeye ambao leo hakuna anayejua walivyoimba. Alitaka akifa, sauti ibaki. Ni tamaa ndogo ukiilinganisha na ya shamba, na labda ndiyo maana hakuigundua mapema.

Katekista Abeli, mtu mzuri mwenye hofu nyingi, alimfuata nyumbani siku moja kabla ya baraza la ardhi la kijiji kuketi.

"Mama Ritha, kesho utaulizwa."

"Najua nitaulizwa."

"Mimi sikuambii useme uongo. Mungu apishe mbali. Nasema tu, mambo ya zamani ni ya zamani. Mtu akisema hakumbuki, nani atamlaumu? Na kanisa linavuja, mama. Wewe mwenyewe Pasaka ulinyeshewa."

Kesho yake baraza lilijaa. Castory alikaa mstari wa mbele. Sikudhani alikuwa upande wa pili peke yake, mkono umefungwa kwa kanga shingoni. Mwenyekiti aliwasikiliza wote wawili, kisha akamwita Emiliana.

"Mama, waliouziana, mmoja amekufa. Jirani amekufa. Umebaki wewe. Siku ya kuuziana, mpaka walioonyeshana ulipita wapi?"

Emiliana aliuona mpaka wote mbele ya macho yake, kila tawi. Akaangalia pembeni, kwenye dirisha.

"Mwenyekiti, ni siku nyingi mno. Kichwa changu kimechoka. Sikumbuki sawasawa."

Mwenyekiti aliuliza mara ya pili. Jibu likawa lilelile. Kwa kuwa hakukuwa na shahidi mwingine, shamba likaandikwa la Castory hadi kwenye korongo. Sikudhani alifunga vitu vyake kwa mkono mmoja na kwenda kukaa kwa Shamila mjini. Hakuja kuaga. Emiliana alijiambia kwamba kutokumbuka si kusema uongo, na alijiambia hivyo kila asubuhi kwa muda wa mwezi mzima. Mtu mwenye amani halazimiki kujiambia jambo moja mara thelathini.

Alhamisi moja jioni jumuiya yao ndogo ilikutana kusali nyumbani kwake. Somo lilikuwa la yule nabii mchunga kondoo, aliyetoka kwenye mifugo na mikuyu yake kwenda kuwasema matajiri waliokanyaga maskini na kuinunua haki langoni. Emiliana alikuwa akilijua somo hilo na kulipenda, kwa sababu nabii huyo alikuwa mtu wa shamba kama wao. Lakini jioni hiyo lilisomwa mpaka mahali ambapo hakuwahi kupatilia maanani. Mungu anasema amechoshwa na sikukuu zao. Anasema waondoe mbele yake kelele za nyimbo zao, hataki kuzisikia, mpaka haki itiririke kama mto.

Akina mama wengine walikuwa wanasinzia kwa uchovu wa palizi. Emiliana alikuwa amepigwa. Hakuna neno lingine katika Biblia nzima ambalo lingemfikia vile. Mwizi angeambiwa asiibe. Yeye aliambiwa anyamaze.

"Haya yalikuwa mambo ya Waisraeli wa zamani," Abeli alieleza harakaharaka, "sasa twende kwenye matangazo. Kamera inakuja Jumamosi ijayo."

Alifikiria kukataa kuimba. Alifikiria kujifanya mgonjwa. Lakini Castory mwenyewe alikuwa ameshachagua wimbo, na alichagua wa Nabothi. Msishangae. Kwa Castory, ambaye alikulia hapo akiusikia, ule ulikuwa wimbo wa mfalme anayenuna na mgeni anayeitwa nabii. Tangu utoto wake alikuwa akitamani siku ambayo jina hilo litakuwa la kwake. Mtu anaweza kuimba maneno miaka thelathini yasimguse hata ukucha, na hilo lilimhusu Castory, na lilimhusu pia aliyeyatunga.

Jumamosi hiyo watu walijaa kwenye uwanja wa kigango tangu asubuhi. Mpiga picha kutoka mjini alikuwa kijana mchangamfu aliyejitambulisha kwa jina la Geofrey. Kigogo hakujua hata neno moja, isipokuwa salamu ya mbukwenyi aliyofundishwa pale pale akaisema kwa kila mtu, hata kwa watoto. Aliwapanga akina mama mbele ya kanisa, sare za zambarau ziking'aa, ngoma mapajani. Castory alikaa kwenye kiti chenye kitambaa, mwenyekiti wa baraza kushoto kwake, Abeli kulia.

Wakaanza. Ubeti wa kwanza Emiliana alinuna, na watu wakacheka kama siku zote, Castory kuliko wote. Ubeti wa pili Yezebeli akaandika barua. Ukaja wa tatu. Maneno yake yalikuwa mafupi: watu wawili walikuja kukaa mbele ya Nabothi, watu wasiofaa, majina yao hayakuandikwa. Kwa kawaida hapo kwaya ilijibu "hayakuandikwa!" na wimbo ukaenda mbele kwa nabii. Hata siku hiyo walijibu. Lakini Emiliana hakwenda mbele. Alibaki kwenye ubeti uleule, akainua mkono ngoma zisikazane, akaimba polepole kwa Kigogo kile cha shambani kisichoacha mtu nyuma.

Majina yao hayakuandikwa, lakini mmoja namjua. Anaitwa Emiliana.

Kwaya, akina mama arobaini, kwa mazoea ya miaka thelathini, wakajibu kwa sauti moja huku mabega yakitetemeka: "Anaitwa Emiliana!"

Ni mke wa Filipo, alipanda minyaa kwa mikono yake.

"Kwa mikono yake!"

Kutoka kwenye mwamba hadi kwenye mkole, na kisima kilikuwa cha Mbwana.

"Kilikuwa cha Mbwana!"

Mbele ya baraza akasema amesahau. Hakusahau.

"Hakusahau!"

Hapo ndipo wakasikia walichokuwa wanakiimba. Ngoma moja ikanyamaza, kisha nyingine, mpaka ikabaki kayamba ya bibi mmoja asiyesikia vizuri. Castory bado alikuwa na lile tabasamu la kusubiri jina lake, ila lilikuwa limekwama usoni, na jicho moja lilikuwa linachezacheza. Abeli aliangalia viatu vyake. Mwenyekiti alikuwa amevua kofia bila kujua kwa nini.

Geofrey ndiye pekee aliyefurahi. Alitoa kichwa nyuma ya kamera.

"Mama, umeua! Safi sana! Sasa nilikuwa naomba kile kipande cha mwisho mrudie, kuna wingu lilipita."

Emiliana alimwangalia yule kijana, akaziangalia ngoma, akawaangalia wenzake aliozeeka nao.

Akarudia.

Ngoma za kwanza zilikuwa mbili. Kisha zikawa tano. Mara hii waliojibu walijua wanajibu nini, na wengine wao walikuwa wanalia. Castory alisimama katikati ya kipande hicho akaenda kwenye gari lake. Hakugombana na mtu. Aliwapungia hata wazee mkono, maana malezi ni malezi.

Bati halikuja. Picha zilizopigwa hazikuonekana kwenye simu ya mtu yeyote, wala hakuna aliyethubutu kwenda kuziulizia. Abeli alikaa miezi minne bila kumpa Emiliana zaidi ya "Tumsifu Yesu Kristo" na kukimbia jibu lake. Lakini mwenyekiti alikuwa amesikia kwa masikio yake, na wiki hiyohiyo aliliita baraza tena. Emiliana akasema kwa Kiswahili aliyoyaimba kwa Kigogo. Akaulizwa kwa nini mara ya kwanza hakusema, akajibu kwamba alitaka kurekodiwa. Watu walidhani anatania. Akawaongoza kwa miguu kutoka kwenye mwamba hadi kwenye mkole, akionyesha kwa fimbo mahali kila shina lilipokuwa. Castory hakukata rufaa. Alikuwa mtu wa jina, na watoto wa kijiji walikuwa tayari wanauimba ule ubeti wakichunga mbuzi.

Shamba likarudi, lakini tupu. Mizabibu ilikuwa imeng'olewa na kuchomwa zamani. Sikudhani alikuja kutoka mjini mwanzoni mwa mvua, amekonda, mkono umepinda, na Emiliana alimkuta pale amesimama katikati ya udongo mtupu. Emiliana alikuwa amembebea vipando vya mizabibu vilivyofungwa kwenye gunia bichi, na alikuwa amebeba maneno ya kuomba radhi aliyoyatunga usiku na mchana kuliko wimbo wowote. Alipoyaanza Sikudhani alimzuia.

"Nimeshasamehe, Mama Ritha. Shamila aliniambia ulivyoimba, nikasamehe siku hiyohiyo. Usijisumbue."

"Asante, Mama Shamila."

Wakachimba mashimo. Emiliana alichimba, Sikudhani alisimamisha vipando kwa mkono mzima. Walikuwa wamefika safu ya pili, na hakuna aliyekuwa anaimba, Sikudhani alipozungumza tena bila kuinua uso.

"Ila nikuambie kitu kimoja. Siku ya baraza watu walidhani namwangalia Castory. Castory nilikuwa namjua. Nilikuwa nakuangalia wewe."

Emiliana aliendelea kuchimba. Jibu la maneno hayo hajalipata mpaka leo, na amekuwa na muda wa kutosha kulitafuta. Walipanda safu sita siku hiyo. Sikudhani aliishi akaona mavuno mawili, akafa mwezi wa Ramadhani, akazikwa mjini kwa watu wake. Emiliana alikaa matangani siku zote tatu pamoja na Shamila, na baada ya hapo Hombolo ikawa kubwa mno kwake. Ritha akaja kumchukua.

Kule Kikuyu kuna kanisa, si mbali na nyumba ya Ritha. Emiliana hajaliimbia, na hajamwambia mtu yeyote pale kwamba aliwahi kuimba. Lakini kwaya za Kigogo hutembeleana na kuombana nyimbo kama majirani wanavyoombana moto, na wimbo unaopendwa haumngoji mwenyewe. Jumamosi moja ya mwezi uliopita, jioni, alikuwa barazani na bakuli lake. Wasichana wa kwaya walikuwa wanafanya mazoezi huko kanisani. Ngoma zikalia, akazitambua kabla ya neno la kwanza. Akamsikia binti mwenye sauti nzuri, nzuri kuliko aliyokuwa nayo yeye, akinuna kwa niaba ya Ahabu. Akamsikia Yezebeli na barua yake. Kisha mashahidi wawili wakaja kuketi mbele ya Nabothi, na yule binti, ambaye hajawahi kufika Hombolo wala kumjua mtu wa huko, akawataja. Au alimtaja mmoja.

"Anaitwa Emiliana!" kwaya ikajibu kwa furaha.

Wamefundishwa hivyo. Kwao ni jina la kwenye hadithi, kama Ahabu na Yezebeli. Ritha alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Akaanza kutafuta viatu.

"Nakwenda kuwaambia walitoe jina lako humo. Sasa hivi. Watu wazima hawa, wanaimba jina la mama yangu kama la muuaji!"

Emiliana alimshika upindo wa kanga asiondoke. Alikuwa analia, na hakuwa anajificha.

"Waache, mwanangu," alisema. "Hawajakosea."